Vituo 728 vimefungwa, ubora bado haujapimwa

Katikati ya mwaka 2025, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lilitangaza, baada ya ukaguzi, kufungwa kwa vituo vya afya 728 kote nchini Kenya na kuteremshwa ngazi kwa vingine 301. Nairobi iliipokea habari hiyo kwa shangwe. Kwenye matatu na kwenye vipindi vya redio vya asubuhi watu walisema hatimaye serikali imeamka, na kwamba zile kliniki za orofa ya pili juu ya duka la simu, zenye kitanda kimoja na bango la wodi ya uzazi, zimepata dawa yao. Tangu hapo mjadala wa ubora wa hospitali umegeuka mjadala wa idadi: ngapi zimefungwa, ngapi zimenyimwa mkataba na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ngapi zimefunguliwa tena kimyakimya baada ya simu mbili tatu.

Nadhani tumeisoma habari hiyo vibaya. Ukaguzi ule ulipima kama jengo lina haki ya kuitwa hospitali. Haukupima kama mgonjwa anayelala humo anatibiwa inavyopasa, na kusema kweli wakaguzi hawakudai kwamba walipima hilo. Ni sisi tuliojiongezea. Ubora wa matibabu hupimwa kando ya kitanda, kwa kuhesabu yale ambayo kila mgonjwa alistahili kufanyiwa, kuona mangapi yalifanyika na saa ngapi, na hesabu hiyo kumrudia muuguzi na daktari wa wodi ileile kabla haijapanda ngazi za Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Nchi inayopima mambo mengine yote na kuliacha hili inaweza kufunga vituo elfu moja na bado akina mama wakafa kwa sababu zilezile katika hospitali zilizobaki wazi.

Tuanze na leseni yenyewe. Mfumo wetu una ngazi sita, kuanzia huduma za kijamii mashinani, zahanati na vituo vya afya hadi hospitali za kitaifa za rufaa kama Kenyatta. Ili upewe ngazi fulani lazima uwe na vyumba, vitanda, vifaa na wahudumu wenye vyeti kulingana na ngazi hiyo. Ngazi hiyohiyo ndiyo inayoamua mfuko wa hospitali, kwa sababu SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya afya, NHIF, Oktoba 2024, hulipa kitanda kwa ngazi: shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4 na shilingi 4,480 katika ngazi ya 6. Kwa hiyo mmiliki anapolia kwamba ameteremshwa, analilia pia pesa ya kila usiku kwa kila kitanda. Angalia kile kinacholipiwa hapo. Ni usiku na kitanda. Mgonjwa aliyepewa dawa yake kwa wakati na aliyeisubiri hadi alfajiri wanaiingizia hospitali kiasi kilekile, na yule wa pili, kwa kuwa atachelewa kupona, huenda akaingiza zaidi.

Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut na kufundisha Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa matibabu unaweza kutazamwa kwa njia tatu: kile ambacho hospitali inacho, kile inachofanya, na kile kinachompata mgonjwa mwishowe. Wanafunzi wa afya ya umma hukariri hayo hadi leo kama sisi tulivyokariri ngeli. Tatizo la Nairobi ni kwamba serikali imeng'ang'ania fungu la kwanza, wanaharakati na wanahabari wanadai la tatu, na lile la katikati, ambalo ndilo mhudumu anaweza kulibadilisha zamu ya leo, halina mtetezi.

Wanaotetea ukaguzi wana hoja, na si ndogo. Huwezi kumwongezea mtoto oksijeni ambayo haipo. Huwezi kuosha mikono kwenye bomba kavu. Jaribio lililofanywa katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru na serikali pamoja na Benki ya Dunia liligawa vituo kwa bahati nasibu: vingine vikakaguliwa kwa orodha mpya yenye alama na muda wa kurekebisha makosa, vingine vikaachwa kama zamani. Vilivyokaguliwa vilipanda alama za usalama wa mgonjwa, vya umma na vya binafsi. Kwa hiyo anayesema ukaguzi ni mchezo wa kuigiza tu anakosea. Kuna daktari bandia ambaye hangeondoka Githurai bila kubishiwa hodi.

Lakini leseni ina mwisho wake, na mwisho huo uko karibu kuliko tunavyodhani. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, yenye ngazi ya juu kuliko zote, wagonjwa wawili walibadilishiwa vitambulisho na mmoja akapasuliwa fuvu kwa upasuaji uliokuwa wa mwenzake. Hapakukosekana chumba cha upasuaji siku hiyo wala madaktari wenye vyeti. Kilichokosekana ni kitendo cha sekunde chache: mtu kusimama kabla ya ngozi kukatwa na kuuliza huyu ni nani, anapasuliwa nini, wapi. Mkaguzi angepita asubuhi yake na ubao wake wa kuandikia, hospitali ingefaulu.

Picha pana zaidi iko katika uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya akina mama vilivyotokea mwaka 2014. Wataalamu walipitia mafaili ya wanawake 484 waliofia hospitalini, moja baada ya jingine, wakijiuliza kama mama huyu alihudumiwa kulingana na mwongozo. Kwa zaidi ya tisa kati ya kila kumi jibu lilikuwa hapana. Hawa hawakufia njiani wala nyumbani kwa mkunga. Walikuwa wamefika, wameandikishwa, wamepewa kitanda. Ukichukua nchi maskini na za kipato cha kati kwa jumla, tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2018 kwamba kati ya vifo milioni 8.6 kwa mwaka ambavyo tiba ingevizuia, milioni 5 ni vya watu walioifikia huduma ikawa mbovu, wengi kuliko wale ambao hawakuifikia kabisa. Miaka nenda miaka rudi tumeambiwa shida ni umbali wa hospitali. Kwa mkazi wa Kayole au Mathare, ambaye anaona mabango matatu ya hospitali akisimama mahali pamoja, hoja hiyo ilikuwa imechakaa kitambo.

Basi, wanasema wale wanaharakati na wanahabari, tangazeni vifo. Kila hospitali iandikwe gazetini na idadi ya waliofia humo, wananchi waone, wakubwa waone haya. Hoja hii inavutia, nami niliiunga mkono kwa miaka kadhaa. Ina hata mfano mzuri. Jimbo la New York lilianza kukusanya takwimu za upasuaji wa moyo mwaka 1989, na gazeti moja likaenda mahakamani hadi likapata matokeo ya kila mpasuaji kwa jina lake. Katika miaka michache ya mwanzo vifo baada ya upasuaji huo, vikishasawazishwa kwa ukali wa ugonjwa, vilipungua kwa takriban asilimia 40. Wabishi nao wakauliza ni kiasi gani cha punguzo hilo kilitokana na madaktari kukwepa wagonjwa mahututi. Katika jimbo jirani la Pennsylvania, ambalo nalo lilitangaza orodha, wengi wa madaktari wa moyo waliohojiwa walisema imekuwa vigumu kumpata mpasuaji wa kumpokea mgonjwa aliye hali mbaya sana. Hebu lilete hilo hapa. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki na ile ya Pumwani hupokea usiku wa manane wanawake waliosukumwa kutoka kwenye kliniki ndogo damu ikiwa tayari imekwenda. Orodha ya vifo itaziweka mkiani, na kliniki iliyomchelewesha mama saa sita kisha ikamwitia teksi itatokea na sifuri safi.

Kuna na tatizo la hesabu ambalo sijasikia likitajwa kwenye vipindi vyetu, nalo ni zito kuliko la kwanza. Kwa makadirio ya sensa ya 2019, Kenya hupoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Chukua hospitali ndogo ya mtaani inayozalisha akina mama 200 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho cha taifa ungetarajia vifo 0.7 hapo kwa mwaka mzima. Maana yake, ukiwa na hospitali kumi za namna hiyo, zote zikiwa na ubora uleule wa wastani, karibu tano zitamaliza mwaka bila kifo hata kimoja kwa bahati tu, chache zitapata viwili au vitatu kwa bahati mbaya tu, na gazeti litaziita tano za kwanza mashujaa na hizo nyingine machinjio. Mwaka unaofuata zitabadilishana nafasi. Idadi ya vifo huanza kusema kitu kwenye hospitali inayozalisha maelfu kwa maelfu, na hata huko inasema polepole mno. Ukingoja vifo vikufundishe, umechagua somo la bei ghali.

Lipo pia onyo la Uingereza, ambalo wapenda malengo na asilimia wangefaa kulisoma taratibu. Katika hospitali ya Stafford, iliyokuwa chini ya shirika la Mid Staffordshire, uongozi ulibanwa na lengo la mgonjwa wa dharura kutokaa zaidi ya saa nne na ukabanwa zaidi na hesabu za fedha. Mwaka 2008 shirika hilo lilipandishwa hadhi na kupewa uhuru zaidi wa kujiendesha kama mojawapo ya zinazofanya vizuri. Wakati uleule wodini kulikuwa na wazee waliolala kwenye uchafu wao na wagonjwa waliokosa maji ya kunywa. Ripoti ya uchunguzi wa umma iliyotoka mwaka 2013 ilieleza jinsi alama za malengo yaliyofikiwa, zilizosomeka makao makuu, zilivyoziba kelele za ndugu wa wagonjwa.

Ndipo ninapofika kwenye fungu lililosahauliwa, matendo. Watafiti waliwahi kuwatuma Nairobi watu waliofunzwa kujifanya wagonjwa. Walikwenda vituo 42 vya umma na vya binafsi na hadithi moja kila mmoja: kikohozi kirefu chenye dalili za kifua kikuu, pumu, maumivu ya kifua ya ugonjwa wa moyo, mtoto nyumbani anayeharisha. Mhudumu hakujua kwamba anapimwa. Karibu nusu tu ya ziara hizo ziliishia kwenye tiba sahihi, na maswali mengi ambayo mwongozo unamtaka mhudumu aulize hayakuulizwa kamwe. Hapo tumejifunza jambo ambalo leseni haiwezi kutuambia na vifo vinatuambia baada ya miaka: nani anauliza, nani anapapasa, nani anaandika dawa za kuua bakteria kabla mgonjwa hajamaliza sentensi. (Mtu yeyote aliyewahi kuingia kliniki ya mtaani na mafua na kutoka na aina tatu za dawa hahitaji utafiti, lakini ni vizuri upo.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni wa mfuko wa plastiki. Mama akijifungua hutoka damu, na kwa muda mrefu wakunga na madaktari wamekuwa wakiikadiria kwa macho: leso zimelowa kiasi gani, sakafuni kuna nini, uso wa mama umepauka au la. Macho hudanganywa, hasa wodini pakiwa na akina mama sita wanaojifungua kwa pamoja. Katika jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2023, mama aliwekewa chini yake mfuko mwepesi wenye mistari ya kupimia. Damu ikifika kiwango cha hatari, mkunga hangoji kuita daktari kwanza. Anafanya mambo kadhaa kwa mpigo, kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, kisha kutafuta chanzo. Katika hospitali zilizoendelea kwa mazoea ya zamani, uvujaji uligunduliwa kwa karibu nusu tu ya waliovuja. Penye mfuko, uligunduliwa kwa asilimia 93. Na wale waliofikia hali mbaya, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au kufa nayo, walikuwa asilimia 1.6 wakilinganishwa na 4.3.

Uzito wa mfano huu uko katika mahali kipimo kilipowekwa. Mfuko ule haukupeleka taarifa kwa waziri. Ulimwambia mkunga jambo moja, hapo hapo, dakika ambayo mkono wake ungeweza kufanya kitu, na mwongozo ukamwambia afanye nini bila kuomba ruhusa. Takwimu za kitaifa zilipatikana baadaye kama masazo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Vipimo vyetu vingi vimepangwa kinyumenyume: muuguzi anajaza rejista kumi ili kaunti ndogo ipate, kaunti ipate, Nairobi ipate, na yeye mwenyewe haoni tena zile namba hadi siku ya kuulizwa kwa nini ziko chini.

Nitataja kisa kimoja changu, halafu niendelee. Miaka michache iliyopita nilimwuguza shangazi yangu katika hospitali moja jijini. Saa tisa usiku nilichukua chati iliyoning'inia kwenye kitanda chake nipitishe muda. Joto la mwili: 36.5 saa nne usiku, 36.5 saa nane, na 36.5 saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo ilikuwa bado haijafika. Wino mmoja, mwandiko mmoja. Shangazi alikuwa anawaka homa ningeweza kuisikia kwa kiganja. Nilimfuata muuguzi, nikamwuliza, "Sista, hii ya saa kumi na mbili imepimwa na nani?" Hakukasirika. Alinitazama akasema, "Kaka, tuko na wagonjwa thelathini na wanane na mimi ni mmoja. Nikingoja hiyo saa ifike, nitakuwa nakabidhi zamu na hiyo karatasi iko wazi, niandikiwe barua." Kisha akaja, akampima shangazi, akamtafutia dawa.

Mtu anaweza kukitumia kisa hicho dhidi yangu, na ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa pili. Ukihesabu matendo, watu watajaza matendo. Grafu ya uchungu wa uzazi, ambayo Dkt Philpott na wenzake waliiendeleza mjini Harare, wakati huo Salisbury, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikusudiwa imwonyeshe mkunga mapema kwamba uchungu umekwama. Leo ni siri ya wazi kwamba katika wodi nyingi huchorwa mtoto akiwa tayari analia, mstari umenyooka kama rula. Na tazama orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ilipojaribiwa katika hospitali nane za dunia, moja ikiwa Ifakara kwa jirani zetu Tanzania, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8; hayo yalichapishwa mwaka 2009. Jimbo la Ontario nchini Kanada likazitaka hospitali zake zote zitumie orodha na kuripoti. Hospitali ziliripoti kwamba zinaitumia karibu kwa kila mgonjwa, na utafiti wa mwaka 2014 uliopitia hospitali 101 haukuona punguzo la maana la vifo. Karatasi ileile. Kule Ifakara na wenzake iliingia na mafunzo na watu walioitaka; Ontario iliingia kama fomu ya serikali.

Kwa hiyo nakubali nusu ya hoja hiyo. Kipimo cha matendo kinachotumika kuadhibu kitazaa 36.5 tatu kwa wino mmoja. Ninachokataa ni hitimisho kwamba tusipime. Chati ya shangazi ilikuwa ya uongo kwa sababu ilikuwa na ukweli mmoja tu ulioruhusiwa kuandikwa, kwamba kazi imefanyika. Watafiti waliokaa kwenye wodi za vichanga za Nairobi, wakimtazama muuguzi saa baada ya saa na kuandika kila kazi iliyofanyika na iliyoachwa, walipata picha tofauti kabisa na ya mafaili. Katika hospitali za umma muuguzi mmoja alikuwa na watoto zaidi ya kumi wa kulisha, kupima na kugeuza, na sehemu kubwa ya kazi walizostahili haikufanyika. Huo ni upimaji wa matendo uliofanywa bila kumtia mtu hatiani, na umetoa hoja ya kuajiri wauguzi iliyo bora kuliko hotuba yoyote ya chama cha wafanyakazi niliyoisikia Uhuru Park.

Pia tuna mfano wa nyumbani wa jinsi ya kurudisha namba wodini. Tangu mwaka 2013, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust pamoja na chama cha madaktari wa watoto wamekuwa wakiendesha mtandao wa wodi za watoto katika hospitali za kaunti. Mtoto akilazwa hujaziwa fomu moja yenye mpangilio, maelezo yanaingizwa kwenye kompyuta, na kila baada ya muda wodi inapata ripoti yake: watoto wangapi wenye nimonia walipimwa oksijeni ya damu, wangapi walipewa kipimo sahihi cha dawa. Hakuna anayepewa kombe wala anayetajwa gazetini. Rekodi zimeimarika, na palipo na daktari wa watoto anayeisimamia ripoti hiyo mezani, mazoea nayo yamebadilika. Palipokosa mtu huyo, karatasi imelala. Ni kazi ya polepole na haina picha nzuri ya televisheni. Labda ndiyo sababu haijulikani nje ya watu wa afya.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni kwamba haya yote ni ya bure kwa sababu soko litaamua. Mgonjwa ana kadi ya SHA, atachagua, hospitali mbovu zitakosa wateja na kufa. Sijui anayesema hivi huugua saa ngapi. Mama wa Kayole mwenye uchungu saa nane usiku anachagua kati ya hospitali ambayo mwenye bodaboda anakubali kumfikisha na ile ambayo lango lake liko wazi. Na hata mchana, tukiwa na nafasi ya kuchagua, sisi hukadiria ubora kwa vitu tunavyoviona: vigae, tabasamu la mapokezi, pazia la dirisha, dripu iliyotundikwa haraka. Lakini mhudumu mkarimu na mhudumu stadi si lazima wawe mtu mmoja. Adabu ni haki ya mgonjwa, na hospitali za umma zina deni kubwa upande huo, lakini mgonjwa hawezi kujua kama dozi ya mwanawe ilikokotolewa kwa kilo zake au kwa mazoea. Soko linalomtaka mnunuzi ajue asichoweza kujua huishia kumuuzia vigae.

Haya yana maana gani kwa sera zilizo mezani sasa? La kwanza ni pesa. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Sidai kwamba madaktari wanapasua kwa sababu ya tofauti hiyo, lakini mlipaji anayeweka tofauti ya shilingi 20,000 bila kuuliza mama alipasuliwa kwa sababu gani amejivua haki ya kushangaa baadaye. Kabla ya kufikiria kuongeza au kupunguza ada, SHA ingeanza kwa kudai vitu vichache kwenye kila dai la uzazi: sababu ya upasuaji, damu iliyopotea kwa mililita, saa ya uamuzi na saa ya kisu. Mfumo wa alama za vidole waliouweka kuwakamata wagonjwa hewa unaonyesha kwamba wakitaka maelezo wanaweza kuyapata. Wameyataka ya kulinda pesa. Sasa wayatake ya kulinda mama.

La pili, KMPDC ibaki na kazi yake na isibebeshwe nyingine. Mtu anayeweza kukufunga hawezi kuwa yuleyule unayemfungulia makosa yako. Usafiri wa ndege ulijifunza kutenganisha anayechunguza ajali na anayetoa adhabu, na uchunguzi wa siri wa vifo vya akina mama uliweza kupata mafaili yale 484 kwa sababu majina yalifutwa kabla hayajasomwa. Sheria yoyote ya usalama wa mgonjwa itakayopita Bungeni ikiweka taarifa za makosa na mamlaka ya kufuta leseni katika ofisi moja, nitajua jinsi fomu zitakavyojazwa.

La tatu ni la kaunti. Sheria ya mwaka 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazokusanya, na Nairobi ina Mbagathi, Mama Lucy na Pumwani za kuanzia. Sioni sababu ya kungoja mfadhili ili wodi za uzazi za hospitali hizo ziwe na mifuko ya kupimia damu kila zamu, na ubao ukutani, upande wa wahudumu, unaoonyesha wiki iliyopita akina mama wangapi walivuja na dakika ngapi zilipita kabla ya dawa ya kwanza. Wachague vipimo vitano, visizidi. Hospitali zetu hazijawahi kukosa rejista.

Na kwenye chati ile ya kitandani, pembeni mwa visanduku vya saa nne, saa nane na saa kumi na mbili, kiongezwe kimoja ambacho muuguzi anaweza kukitia alama bila kuandikiwa barua: haikufanyika, na sababu yake, wagonjwa wengi, mashine mbovu, dawa hakuna. Hospitali ya kwanza itakayojaza visanduku hivyo kwa ukweli itaonekana mbovu kuliko zote nchini mwezi huo. Itabidi mtu fulani pale Afya House awe na moyo wa kutoifunga.